Safari ya Ziwani na Mzee Harold

Mwezi uliopita jirani yangu alitandaza vitu vyake uani ili aviuze kabla ya kuhama, nami nikapita pale kwa heshima ya ujirani tu. Kati ya viti na masufuria palikuwa na hema la turubai lililokunjwa, la kizamani, zito, la rangi ya majani makavu. Niliinua pembe moja nione kama lina tundu. Harufu ikanipanda puani: turubai lililofungiwa miaka mingi bila kuona jua, harufu ya gunia na nta na vumbi la chini ya nyumba. Nikaliacha, nikamwambia jirani nitarudi, na sikurudi. Nilikwenda nyumbani nikakaa jikoni, mtu mzima mwenye watoto wawili, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi ng'ambo ya bahari, Laurel, jimbo la Maryland, mimi na mama, kwenye fleti ya ghorofa ya pili iliyotazama maegesho ya magari. Baba alikuwa bado Kericho akisubiri viza, na kwa muda mrefu nilidhani Viza ni mtu, mtu mwenye roho ngumu anayesimama mlangoni na kumzuia baba asipite. Mama alifanya kazi ya kuwatunza wazee majumbani mwao. Alivaa sare ya samawati, akatoka alfajiri, akarudi ananuka sabuni na mafuta ya kuchulia. Siku za shule sikuwa na shida. Jumamosi aliniacha kwa Mama Espe, jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama wa Kikongo aliyenipikia sombe, yaani kisamvu, na kunifundisha nyimbo za kanisani kwao.

Januari moja Mama Espe alipanda ngazi, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Mama Chebet, unihurumie," akasema. "Siku ya posho sasa niko na kazi. Sitaweza tena kubakia na mutoto."

Siku ya posho ndivyo alivyoiita Jumamosi. Mama alimshukuru, akafunga mlango. Ijumaa jioni akaniita mezani.

"Kesho utaenda na mimi kazini. Kampuni iliyoniajiri haifai kujua. Madam Susan naye haifai ajue. Utakaa jikoni, utulie kama maji ya mtungini. Ukisikia gari linaingia, unajificha stoo ya chakula mpaka nikuite. Umesikia, mami?"

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba nimesikia. Siku hizo ndivyo nilivyokuwa: Kiswahili kiliniingia masikioni bila taabu, lakini mdomoni hakikutoka. Mama alikuwa amechoka kunikumbusha.

Nyumba aliyofanyia kazi ilikuwa katika mji wa Silver Spring, ya matofali mekundu, kwenye mtaa wenye miti mirefu na ukimya ambao sikuwa nimeuzoea. Aliishi humo mzee mmoja mjane, Mzee Harold. Mama alimwita Mzee, naye aliitika. Maisha yake yote alifanya kazi ofisi ya serikali, akichora barabara. Madam Susan alikuwa mtoto wake wa pekee, mwanamke wa makamo aliyeishi ng'ambo ya mto, upande wa Virginia. Alikuja Jumapili, na siku nyingine alipiga simu.

Jumamosi ile ya kwanza nilikaa jikoni na daftari langu, nikipumua kidogokidogo. Nilisikia ndara zikiburuzika, mara mzee akawa mlangoni: mrefu, ameinama, sweta limefungwa vifungo kombo. Nilikakamaa kitini. Yeye hakushtuka hata kidogo.

"Susie," akasema. "Kumbe uko huku. Njoo unisaidie na ramani."

Labda mtoto mwingine angesema, mimi si Susie. Lakini shuleni mwalimu alikuwa ameona jina la Chebet linampa shida, akaniita Betty tangu wiki ya kwanza, na hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimejifunza kwamba katika nchi hii kila mtu mzima anakupa jina analoliweza. Huyu aliweza Susie. Nikainuka nikamfuata.

Mama alipotoka chumbani na mataulo mikononi alitukuta kwenye meza kubwa ya kulia, ramani ya Maryland imetandazwa mpaka inaning'inia, mzee amekiweka kidole kwenye mstari mwekundu na mimi nimepiga magoti juu ya kiti. Nilimwona akifungua mdomo anikemee. Kisha akamwangalia mzee usoni, akaufunga. Baadaye, garini, aliniambia kwamba kwa wiki nzima mzee hakuwa amesema sentensi moja ikafika mwisho.

Alikuwa anapanga safari ya kupiga kambi. Tungetoka Silver Spring mapema, kabla barabara hazijajaa, tuelekee kaskazini mpaka Frederick. Usiku wa kwanza tungelala msituni, kwenye mlima wa Catoctin, chini ya miti aliyosema ni mirefu kuliko kanisa. Kesho yake tungeendelea magharibi: Hagerstown, Hancock, Cumberland, barabara ikipanda milima na kushuka, mpaka Deep Creek, ambako kuna ziwa na ukingoni mwake mbuga ya jimbo yenye viwanja vya mahema. Tungechagua kiwanja kilicho karibu na maji, lakini si karibu mno, kwa sababu ya ukungu. Alijua kila kona ya barabara hizo. Alisema nyingine alizichora mwenyewe.

Alinipa kazi. Mimi nilikuwa mwandishi. Kwenye daftari langu la hesabu niliorodhesha: kamba tatu, nyundo ya vigingi, viberiti ndani ya chupa yenye kizibo, taa, sufuria moja isiyo na mpini wa plastiki, mifuko ya kulalia, unga wa chapati zile nene wanazokula asubuhi. Alinifundisha kupiga fundo lisilofunguka likivutwa na upepo, kwa kutumia mshipi wa gauni lake la kuogea. Vidole vyake vilitetemeka akishika kikombe, lakini kwenye fundo havikutetemeka.

Jumamosi iliyofuata alianza upya. Alitandaza ramani, akaniuliza kama nimewahi kusikia mahali panapoitwa Deep Creek, akauliza tubebe kamba ngapi. Nilijibu tatu, naye akafurahi kana kwamba nimekisia. Jumamosi ya tatu ikawa vilevile, na ya nne. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani ndivyo mtu makini anavyopanga jambo. Mwalimu wetu naye alirudia jedwali la kuzidisha kila asubuhi mpaka likaingia damuni. Nilimwona Mzee Harold kuwa mtu makini kuliko wote niliowajua.

Siku moja mwezi wa Machi tulishuka kwenye chumba cha chini ya nyumba, mama akimshika mkono kwenye ngazi, tukaliona hema. Lilikuwa limekunjwa ndani ya mfuko wake, na kwenye kamba ya mfuko bado ilining'inia karatasi ya duka. Nililikumbatia nikavuta harufu yake. Lilikuwa jipya na lilikuwa la zamani kwa wakati mmoja, na mimi sikujiuliza inawezekanaje. Niliamini tu kwamba amelinunua kwa ajili yetu.

"Hii safari ni ya wapi hasa?" mama aliniuliza siku hiyo tukirudi Laurel.

Nilimweleza kwa Kiingereza changu.

"Mbuga? Si kutakuwa na simba?"

Nikamwambia hakuna simba, ni dubu tu.

"Dubu!" Aligonga usukani. "Mtu ana nyumba, ana kitanda, anaenda kulala nje na dubu. Kwetu watu walijenga ndio wasilale nje."

Alicheka, nami nikacheka, kisha nikamuuliza: tutaenda lini? Taa ziligeuka kijani, akaondoa gari.

"Tutaona," akasema.

Kila mtoto aliyelelewa na mama wa kwetu anajua maana ya tutaona. Ukiomba viatu vipya, tutaona. Ukiomba kulala kwa rafiki, tutaona. Ni hapana iliyovikwa nguo nzuri. Mimi nilijua hivyo, na bado siku ile nilichagua kulisikia neno lenyewe, wazi kama lilivyo: sisi, tutaona, kwa macho yetu. Nilitaka mno kwenda. Wenzangu shuleni walirudi kila Septemba na hadithi za mito na fukwe, mimi nikarudi na hadithi za maegesho ya magari. Na kuna jambo jingine ambalo sikuweza kulisema wakati huo. Sauti ya mwanamume inayosema tutalala hapa, tutawasha moto hapa, wewe utashika taa nami nitapiga vigingi, sikuwa nayo nyumbani. Ya baba ilikuja kwenye simu, ikikatikakatika, na daima ilisema ukiwa mkubwa, nikija, Mungu akipenda. Mzee Harold alisema Jumamosi.

Alisema hasa: Jumamosi ya kwanza shule zikifungwa. Alilisema mara moja tu, mwezi wa Mei, akiangalia dirishani, na mama hakuwepo. Nililiandika nikalizungushia duara. Yeye alilisahau kabla chai haijapoa. Mimi sikulisahau.

Jumamosi hiyo nilivaa viatu vya kukimbilia na kujaza mfuko wa shule: sweta, mswaki, tochi, maandazi manne niliyoyaficha kwenye karatasi. Mama aliuona mfuko umevimba, akadhani ni vitabu vya maktaba. Tulipofika, mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anatazama barabara. Mama alimwogesha, akamvisha, akampa uji wake, kisha akakusanya mashuka akashuka nayo kwenye mashine ya kufulia.

Nilimwendea. "Leo ndiyo siku," nikamwambia.

Alikunja paji la uso, kama asiyeelewa.

"Siku ya ziwani," nikasema. "Frederick, Hagerstown, Hancock, Cumberland."

Uso wake ulifunguka kama pazia. Akasimama mwenyewe, bila kushikwa mkono, akachukua kofia yake. Kisha akaanza kupapasa mifuko, ya suruali, ya sweta, tena ya suruali, na lile pazia likaanza kujifunga.

"Funguo," akasema. "Susie, funguo ziko wapi?"

Mimi nilijua ziko wapi. Nilikuwa nimemwona mama akizitia ndani ya kopo la kahawa juu ya friji, baada ya kuongea na Madam Susan kwenye simu, na nilikuwa nimemsikia akisema ndiyo, naelewa, hawezi kuziona hapo. Sikujiuliza kwa nini funguo za mtu zifichwe nyumbani kwake mwenyewe. Nilidhani ni moja ya mambo ya watu wazima, kama kuficha biskuti. Nilisogeza kiti, nikapanda, nikashusha kopo, nikampa.

Kutoka chini ya nyumba mashine ilikuwa inanguruma. Hema sikuweza kulibeba, na mzee hakulikumbuka. Nikajiambia tutalala ndani ya gari.

Aliendesha vizuri mwanzoni. Hilo ndilo watu hawaniamini nikiwasimulia. Mikono yake ilijua kazi yake: alirudisha gari nyuma kutoka gereji, akaangalia kushoto na kulia, akaingia barabara kubwa, akaelekea kaskazini kama alivyosema. Nilifunga mkanda, mfuko mapajani. Alipiga mluzi. Nilihesabu taa za barabarani na kungoja kuona kibao kilichoandikwa Frederick, na kwa dakika zile, sijui ngapi, nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena ikiwa nzima namna hiyo.

Kisha akakata kona ambayo haikuwa kwenye ramani yetu. Akakata nyingine. Gari la nyuma likapiga honi ndefu. Alipita taa nyekundu bila kuiona, nami nikaona lori likisimama kwa kishindo upande wangu, karibu kiasi cha kuyaona meno ya dereva. Mluzi ulikuwa umekoma. Tukaingia kwenye bustani fulani ya mtaani yenye kidimbwi kikubwa cha maji na bata bukini wengi kwenye majani, na hapo akasimamisha gari, magurudumu mawili juu ya ukingo wa njia.

"Tumefika," akasema.

Nikaangalia. Ng'ambo ya maji palikuwa na maghorofa, na watu wamekaa kwenye mabenchi na vitoto vyao.

"Bado," nikamwambia. "Hatujaona hata Frederick."

Aligeuka kunitazama. Nimeishi na macho yale hadi leo. Hayakuwa na hasira. Alinitazama kwa hofu, mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye mfuko wa maandazi.

"Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza. "Nani amekuweka kwenye gari langu?"

Nikasema, mimi ni Susie. Akatikisa kichwa. Nikasema tena. Akaanza kulia, bila sauti, mikono bado imeshika usukani, na suruali yake ikalowa. Hapo ndipo nilipofahamu, wakati mmoja, mambo yote niliyokuwa nimeyaona kwa miezi mitano. Hakuwa mtu makini. Alikuwa anaanza upya kwa sababu hakuwa na pa kuendelezea. Na hapakuwa na safari. Palikuwa na mgonjwa, na funguo, na mimi.

Nilizima gari kama nilivyomwona mama akifanya. Nilimwambia asitoke. Nikakimbia mpaka kwa mwanamke mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha mtoto, nikamwomba simu. Namba ya mama niliijua kwa moyo. Alikuwa amenifundisha kuisema kama sala. Alipokea kabla simu haijamaliza mlio wa kwanza, na sauti iliyotoka haikuwa ya mama ninayemjua.

"Chebet? Uko hai? Uko hai?"

Yule mwanamke alimweleza tulipo. Nikarudi garini kukaa na mzee. Nilitoa andazi nikampa, akalishika tu.

Polisi walifika kwanza, kisha gari la Madam Susan, ambaye mama alimpigia simu alipoona gereji tupu, na mama ndani yake. Mama aliruka nje kabla halijasimama. Mikono ya sare yake ilikuwa imelowa maji ya kufulia mpaka kwenye viwiko, na mguu mmoja haukuwa na kiatu. Alinishika mabega, akanipapasa kichwa, mgongo, mikono, kama anayehesabu viungo.

Madam Susan alikwenda upande wa dereva, akafungua mlango, akachuchumaa.

"Baba," akasema.

Mzee alikuwa ametulia. Alimtazama yule mwanamke kwa adabu, kama mtu anavyomtazama karani wa benki, kisha akanyoosha mkono kunielekeza.

"Samahani, mama," akamwambia. "Huyu ni binti yangu, Susie. Nampeleka ziwani."

Nilikuwa nimewasikia wakimwita Susan miezi yote hiyo, na sikuwa nimewahi kuyaweka yale majina mawili pamoja. Niliyaweka pamoja wakati ule, kwa kuuona uso wake: Susie alikuwa yeye, Susan, alipokuwa mdogo. Nilingoja apige kelele. Aliinuka polepole, akaja akasimama mbele yangu, akanipa mkono. Ulikuwa baridi.

"Nimefurahi kukufahamu, Susie," akasema, kwa sauti ambayo mzee angeisikia.

Tulirudi Silver Spring kulichukua gari letu, mama akaendesha. Tulipita mitaa, madaraja, kibao cha Laurel, na mimi nikingoja kipigo kama mtu anavyongoja mvua iliyokwisha funga. Alipoegesha chini ya fleti yetu hakuzima injini.

"Ungekufa," akasema. "Mzee angekufa. Na mtoto wa mtu barabarani. Baba yako ningempigia simu nimwambie nini?"

Nilikumbatia mfuko wangu mapajani.

"Nilikuambia tutaona, na nilijua hatuendi. Nilijua kutoka siku ya kwanza. Nilimwona mzee anaongea, nikakuona unacheka, nikasema wacha iwe, ni dawa yao wote wawili. Hapo ni mimi nilikosea. Lakini funguo, Chebet. Ulipanda kiti ukachukua funguo."

"Nilidhani ni kweli," nikasema.

Nilisema kwa Kiswahili. Sijui kilitoka wapi baada ya muda mrefu hivyo. Mama aliinamisha kichwa kwenye usukani akalia, mabega yakipanda na kushuka, na mimi nikamwekea mkono mgongoni kwa kuogopa, kana kwamba ni mgongo wa mtu nisiyemjua.

Jumatatu kampuni ilimpigia simu. Polisi walikuwa wameandika kwamba palikuwa na mtoto, na mtoto hakutakiwa kuwepo. Mama hakubishana. Alikunja zile sare za samawati, akazirudisha zikiwa zimepigwa pasi. Alikaa bila kazi wiki kadhaa, akiuliza kwa watu wa kanisani, mpaka akapata nafasi kwenye nyumba ya wazee huko Temple Hills, mbali, kazi ya kuinua watu siku nzima. Mgongo wake ulianza kumuuma mwaka ule na haujaacha mpaka leo. Kanisani, mchungaji alipotuambia tukiri dhambi zetu kimyakimya, nilikuwa na neno moja tu, na nililisema kila Jumapili: funguo.

Mwezi wa Oktoba Madam Susan akapiga simu. Mama alizima jiko ili asikilize. Nilimsikia akisema pole, pole sana, ndiyo, nitamuuliza.

"Mzee amepelekwa nyumba ya wagonjwa," akaniambia. "Siku zake zimekaribia. Madam anaomba uende umwone."

"Mimi au wewe?"

"Wewe. Sikulazimishi, mami. Ukikataa nitamwambia umekataa, na hakuna neno."

Nilikubali. Mama alitoka kazini moja kwa moja akanichukua, bado na sare mpya ya kijani, macho yamezama. Madam Susan alitupokea kwenye korido. Alikuwa amekonda. Mama alianza kuomba msamaha kwa maneno aliyoyatayarisha, na Madam Susan akamshika mkono, akamwambia hapana, hapana. Mama akaketi kwenye benchi. Madam Susan akaniinamia.

"Nilipokuwa na umri wako alipanga na mimi," aliniambia. "Kila majira ya baridi. Ramani ileile, miji ileile. Mwaka mmoja akanunua hema. Lakini kila majira ya joto palikuwa na barabara ya kujenga mahali fulani. Hatukuwahi kwenda. Siku ile pale majini nilikuonea wivu. Mtoto mdogo kama wewe. Nataka ujue si hasira uliyoiona."

Niliitikia kwa kichwa.

"Haongei tena na mimi," akasema. "Labda na wewe ataongea. Akikuita Susie, mwitikie tu. Tafadhali."

Chumba kilikuwa na joto na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Mzee Harold alikuwa amekuwa mdogo kitandani, kama aliyekunjwa. Nilisimama karibu na mto wake. Nilikuwa nimejiandaa, njia nzima nilikuwa nimelikariri jina lile, nikijiambia hilo ndilo deni langu kwake na kwa binti yake. Alifungua macho.

"Nani?" akauliza.

Madam Susan alikuwa amebaki mlangoni, mikono imefumbatwa tumboni, kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Mwanamke yule mzima, mwenye mvi za kwanza, alikuwa anasubiri mtoto wa mtu mwingine aitwe kwa jina lake.

"Mimi ni Chebet," nikasema. "Susie ni huyu."

Nilikwenda nikamshika mkono, nikamvuta mpaka kitandani, nikauweka mkono wake juu ya blanketi, na mkono wa mzee juu yake. Mzee alimtazama kwa muda mrefu sana. Niliogopa kwamba nimefanya kosa la pili. Midomo yake ikacheza bila sauti, kisha sauti ikaja.

"Ulikuwa wapi? Nimekungoja."

"Nilikuwa njiani, Baba," Madam Susan akasema.

Akapiga magoti sakafuni. Alianza kusema, taratibu, watatoka saa ngapi na watapita wapi, na hakunitazama ili nimsaidie, wala hakuhitaji. Alikuwa anayajua yote. Aliyajua kabla mimi sijazaliwa. Mzee alikuwa akimsahihisha hapa na pale. Nilirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, nikatoka, nikauvuta mlango mpaka ukabaki mwanya mdogo.

Sikumwona tena. Siku zile sikuwa na neno la kilichoniuma pale koridoni, na hata sasa sina uhakika nalo. Nilikuwa nimefanya jambo jema, na lilinikata kama kisu.

Mama alikuwa amelala kwenye benchi, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo umefunguka kidogo, mikono imelegea mapajani viganja juu. Nilitaka kumwamsha nimweleze, kwa Kiswahili, tangu mwanzo. Nikakaa kando yake, nikasogea mpaka bega langu likagusa lake, nikamwacha alale.